Kombe Lililotolewa Mvuani

Katika semina ya mwaka wa tatu, muhula uliopita, mwanafunzi mmoja alisimama akatoa hoja ambayo huwa inatolewa kila mwaka, na kila mwaka hupigiwa makofi: kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa, na anayevichanganya viwili hivyo hawatakii mema wanamichezo. Sikumjibu siku ile. Muda ulikuwa umekwisha, na hoja yenye kupigiwa makofi haijibiwi kwa dakika tatu. Nilirudi nyumbani Ilomba nikiwa na mtu mmoja kichwani, mcheza gofu wa Durban aitwaye Sewsunker Sewgolum, ambaye watu wa kwao walimwita Papwa. Makala haya ndiyo jibu langu kwa kijana yule, na naomba radhi kwamba limechelewa.

Najua gofu si mchezo wa wengi miongoni mwenu. Katika nyanda zetu hizi ukitaja gofu, mzee aliyewahi kufanya kazi Mufindi atakukumbusha uwanja uliokuwa katikati ya mashamba ya chai, ambako mameneja walicheza na watoto wa vibarua wakabeba mifuko ya fimbo. Basi tuanzie hapo hapo kwa mtoto wa kubeba mifuko, maana ndiko alikoanzia Papwa.

Wahindi wa Natal walianza kuletwa mwaka 1860, wakiwa vibarua wa mikataba katika mashamba ya miwa ya Waingereza. Vizazi viwili vitatu baadaye, wajukuu wao walikuwa wametapakaa Durban na vitongoji vyake, wakiuza mboga, wakivua samaki, wakihudumu mezani. Papwa alikulia jirani na uwanja wa gofu wa Beachwood, katika familia maskini, mama yake akiwa kipofu. Hakupata shule ya kumfundisha kusoma wala kuandika. Alichopata ni uwanja ule, ambao aliruhusiwa kuingia kwa sharti moja: awe amebeba mfuko wa mtu mwingine. Kucheza hakuruhusiwa. Alijifundisha pembeni, kwa kipande cha fimbo alichojichongea, akipiga mipira kwenye mchanga.

Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alishika fimbo kinyume na ulimwengu wote. Mcheza gofu anayetumia mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu ya mpini na wa kulia chini yake. Papwa aliweka wa kulia juu na wa kushoto chini. Mwalimu yeyote wa gofu angemrekebisha siku ya kwanza, na pengine angemharibu. Wataalamu walipokuja kumwona akicheza, walishangaa jinsi mpira ulivyokwenda pale alipoukusudia, wakaanza kuita mshiko ule kwa jina lake. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kila ninaposahihisha mitihani, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Miongoni mwa watu aliowabebea mifuko alikuwamo mkemia wa kizungu, Graham Wulff, aliyebuni mafuta ya uso ya Oil of Olay. Wulff alikiona kipaji, akakiamini. Mwaka 1959 alimchukua Papwa katika ndege yake ndogo mpaka Uingereza ili akashindane Ulaya, kwa sababu nyumbani kwao mashindano makubwa yalikuwa ya wazungu. Mwaka huo huo Papwa alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akarudi mwaka 1960 akayashinda tena, na mwaka 1964 akayashinda mara ya tatu. Mtu aliyekuwa haruhusiwi kupiga mpira Beachwood alikuwa bingwa wa nchi ambayo ndiyo iliyowapeleka Makaburu wa kwanza kusini mwa Afrika.

Hapa historia yake na yetu zinapishana kwa karibu sana, pasipo wahusika kufahamiana. Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere alisimama katika ukumbi wa Holborn mjini London, pamoja na Padri Trevor Huddleston, kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Kutokana na mkutano ule ulizaliwa mwamko mkubwa wa Uingereza wa kupinga ubaguzi wa rangi. Huddleston mwenyewe alikuja kuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka uliofuata. Katika majira hayo hayo ya kiangazi, Mwafrika Kusini mwingine, Gary Player, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza katika uwanja wa Muirfield. Kwa hiyo walikuwapo Ulaya kwa wakati mmoja watu watatu: Mtanganyika akiomba nchi ya ubaguzi itengwe, mzungu wa nchi hiyo akishangiliwa kwa ubingwa, na mwana wa vibarua wa miwa akijaribu kushinda mahali ambapo rangi yake haikumfungia geti.

Sasa twende Durban, Januari 1963. Baada ya mabishano marefu, wenye mchezo walikubali Papwa ashiriki mashindano ya wazi ya Natal, katika uwanja wa Durban Country Club. Alipewa ruhusa ya uwanja, si ya jengo. Angeweza kucheza mashimo yote sawa na wenzake wazungu, lakini asingeweza kuingia kubadili nguo, kula wala kunywa chai ndani ya klabu. Akashinda. Kisha mvua ikanyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jengo, na bingwa akakabidhiwa kombe lake nje, akilowa. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye picha ile. Jambo linaloniumiza si mvua, kwa maana mvua humnyeshea kila mtu. Linaloniumiza ni kwamba katika jengo lile watu wa asili ya Kihindi walikuwa wakiingia na kutoka kila siku, wakiwa wamevaa sare na kubeba sinia. Mlango ulikuwa wazi kwa Mhindi mhudumu, ukafungwa kwa Mhindi bingwa. Sheria za ubaguzi hazikuchukia kukaribiana na mtu mweusi au Mhindi. Watu hao ndio waliowapikia na kuwalelea watoto. Zilichokataa ni mtu huyo kuketi. Angeketi siku moja akiwa na kombe mkononi, kesho yake nani angeamini maelezo ya kwa nini asipige kura?

Mwaka mmoja kabla ya mvua ile, Januari 1962, ndege ndogo ilitua hapa Mbeya ikiwa na wanasheria wawili kutoka Afrika Kusini, Nelson Mandela na Joe Matthews. Walikuwa wametoroka kwao kwa siri kupitia Bechuanaland, nchi tunayoiita leo Botswana. Tanganyika ilikuwa na umri wa wiki chache tu tangu ipate uhuru. Walifikia katika hoteli ya mjini, na barazani wakawakuta weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza. Mandela aliandika baadaye, katika kitabu cha maisha yake, kwamba hakuwahi kabla ya hapo kuwa mahali pa hadhara pasipo na mpaka wa rangi, na kwamba ilikuwa katika safari ile alipojihisi mtu huru. Mbunge wa TANU, John Mwakangale, alikuwa amekwenda hotelini kuwatafuta. Kutoka hapa wakaendelea Dar es Salaam kuonana na Nyerere.

Wanafunzi wangu wa Mbeya hushangaa ninapowaeleza jambo hili, kwa kuwa hupita mjini kila siku bila kujua kwamba kuketi barazani kulikuwa tukio la historia. Na jambo lile lilikuwa jepesi kiasi gani! Viti, meza, watu wa rangi mbili, mazungumzo ya kawaida. Ndicho kitu kile kile alichonyimwa Papwa mwaka mmoja baadaye. Hakuomba kura wala ardhi. Alichokuwa akikidai, kwa kupiga mpira tu, ni kiti ndani ya nyumba ambayo alikuwa amemshinda kila aliyeketi ndani yake.

Kuna kitu kingine kinachowaunganisha wawili hao, nacho ni karatasi. Mandela hakuwa na pasipoti. Serikali ya Tanganyika ilimpa hati isiyo na mapambo, ikisema kwa ufupi yeye ni nani, ni raia wa wapi, na kwamba anaruhusiwa kutoka Tanganyika na kurejea. Kwa hati hiyo alizunguka Afrika. Aliporudi kwao alikamatwa Agosti 1962 karibu na Howick, katika jimbo hilo hilo la Natal, na Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kuchochea mgomo na kwa kutoka nchini bila hati halali. Safari iliyopita Mbeya ilikuwa sehemu ya kosa. Papwa alipokuwa akilowa pale Durban, Mandela alikuwa tayari gerezani.

Mwaka 1965 Papwa alishinda tena mashindano ya Natal, na safari hii aliyeachwa nyuma yake alikuwa Gary Player. Yafaa tuelewe ukubwa wa jambo hilo. Mwezi Juni mwaka huo huo Player alishinda mashindano ya wazi ya Marekani na kukamilisha mataji yote makubwa manne ya gofu, jambo ambalo hadi leo ni wachezaji wachache mno waliolifikia. Ndiye aliyeshindwa na mtu aliyejifundisha kwa kijiti mchangani, tena kwa kushika fimbo kinyume.

Ushindi ule ndio uliomponza. Bingwa mmoja wa bahati nasibu dola inaweza kumvumilia. Bingwa wa mara mbili anaanza kuwa hoja. Tangu mwaka 1950 kulikuwa na sheria iliyogawa miji kwa rangi, na juu yake serikali ya Verwoerd ikaongeza masharti ya vibali kwa kila mkusanyiko wa watu wa rangi tofauti, ikiwamo viwanja vya michezo. Papwa alinyimwa vibali. Hakuruhusiwa tena kushindana na wazungu, wala hata kuingia viwanjani kutazama. Kisha akanyang'anywa pasipoti, na Ulaya nayo ikafungwa. Mcheza gofu huiva na kudumu kuliko mwanariadha au mchezaji wa mpira. Anaweza kushinda hata akiwa na miaka arobaini na zaidi. Miaka aliyonyang'anywa Papwa ilikuwa ndiyo miaka yake ya kuvuna.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watanielewa nikisema kwamba katika mkasa huu hakukuwa na risasi wala pingu. Kulikuwa na mafaili. Karani alipokea ombi la kibali, mwingine akaandika maoni, ofisa akasaini kukataa, tarishi akapeleka barua. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba anafuata taratibu. Mtu aliyempokea Mandela Mbeya na yule aliyechukua pasipoti ya Papwa wote walikuwa watumishi wa serikali zao, na wote walikuwa wanashughulika na karatasi.

Nimrudie sasa mwanafunzi wangu. Ni nani aliyeingiza siasa katika gofu ya Afrika Kusini? Papwa hakuwa mwanasiasa. Hakuhutubia, hakuongoza maandamano, na wapo wanaharakati waliotamani angesema zaidi ya alivyosema. Alitaka kucheza. Wenzake kama Dennis Brutus ndio waliounda vyama vya kudai michezo isiyo na ubaguzi. Brutus alipigwa risasi na polisi mwaka 1963 na kupelekwa Kisiwa cha Robben. Siasa iliingia uwanjani kwa kibali, kwa sheria na kwa mlango wa klabu, na iliingia zamani kabla mtu yeyote hajafikiria kususia kitu. Waliokuja baadaye kupiga kelele kwamba michezo isichanganywe na siasa walikuwa wakimwambia aliyekanyagwa aache kuzungumzia miguu.

Wala gonjwa hili halikuwa la Makaburu peke yao. Chama cha wacheza gofu wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu katika katiba yake, tangu mwaka 1934, kilichosema wanachama ni wazungu tu. Kilifutwa Novemba 1961, mwezi mmoja kabla ya bendera yetu kupandishwa. Charlie Sifford, aliyepigana na kifungu hicho, alikwisha kupoteza miaka yake mizuri. Lee Elder alipocheza mashindano ya Masters kule Augusta mwaka 1975, ndiye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Gary Player naye tusimwonee. Mwaka 1966 aliandika kitabu ambamo alijitangaza kuwa mtu wa Afrika Kusini ya Verwoerd. Mwaka 1969, katika mashindano makubwa huko Dayton, jimbo la Ohio, waandamanaji walimtupia vitu na kumvuruga uwanjani. Mwaka 1971 alimwalika Elder kwenda kucheza Afrika Kusini, na baadaye alikiri kwamba msimamo wake wa zamani ulikuwa wa makosa. Mtu anaweza kubadilika. Lakini Player alibadilika akiwa na mataji yake mkononi. Papwa hakupewa muda wa kusubiri mabadiliko ya mtu mwingine.

Hadi hapa jibu langu lingekuwa rahisi, na nadhani semina nzima ingenipigia makofi mimi badala ya yule kijana. Ugumu unaanza tunapofika kwetu.

Julai 1976, wiki chache baada ya watoto wa Soweto kuuawa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal. Sababu ilikuwa ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, na kukataa kwa wakuu wa Olimpiki kuiadhibu New Zealand. Tanzania ilikuwa na Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kutumia dakika 3 sekunde 32.16, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia nzima ilisubiri marudiano yao Montreal. Hayakuwapo. Walker alishinda dhahabu. Bayi alipata fedha mwaka 1980 huko Moscow, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Wapo wanaokumbusha kwamba mwaka 1976 malaria ilikuwa imemdhoofisha, kwa hiyo pengine asingeshinda. Huenda. Lakini mtu hunyang'anywa pia haki ya kushindwa.

Mwanafunzi mwingine, binti aliyekaa nyuma ambaye huzungumza mara chache, aliniuliza wiki iliyofuata nilipoisimulia habari hii darasani: "Mwalimu, Papwa na Bayi wana tofauti gani? Wote serikali zao ziliwazuia kucheza."

Nilimjibu kwamba tofauti ipo, tena kubwa. Serikali moja ilimzuia mtu wake kwa sababu ilimdharau. Nyingine ilimzuia wake ili kumtetea aliyedharauliwa. Kususia kule hakukuwa mchezo: Afrika Kusini ilifukuzwa katika Olimpiki mwaka 1970 kwa shinikizo la nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kwa wazungu wa nchi ile walioipenda raga na kriketi kuliko magazeti, kutengwa viwanjani kuliwafikishia ujumbe ambao hotuba hazikuufikisha. Bado naamini Tanzania ilifanya sawa mwaka 1976. Ningekuwa mshauri wa Mwalimu Nyerere, ningeshauri hivyo hivyo.

Hata hivyo jibu langu halikumridhisha, na kwa kweli hata mimi halijaniridhisha lote. Kwa kuwa tulilipa gharama ya msimamo wetu kwa miguu ya kijana mmoja, ilitupasa tujue kwamba tunamdai deni yeye, si kumdai uzalendo tu. Taifa linalomwomba mwanamichezo atoe mwaka wake mmoja wa dhahabu linapaswa angalau kuwajengea wanaomfuata mahali pa kukimbilia. Tangu medali mbili za Moscow, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui, hatujapata nyingine ya Olimpiki.

Na gofu yenyewe? Milango ya klabu za Afrika Mashariki haina tena kibao cha rangi. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967, na mabingwa wakubwa wa dunia, akiwamo Seve Ballesteros mwaka 1978, wamewahi kuyashinda. Hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda. Jacob Okello alikaribia mno mwaka 1998, akashindwa katika mashimo ya nyongeza. Huku kwetu kama huko kwao, wachezaji wengi wa kulipwa wametoka katika kazi ya kubeba mifuko, yaani kwa njia ile ile ya Papwa: wamejifundisha kwa kutazama, kwa fimbo za kuazima, asubuhi kabla wenye uwanja hawajaamka. Seti ya fimbo na ada ya klabu vinagharimu kiasi ambacho mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilomba haukigusi. Hakuna ofisa wa kusaini kukataa, na kwa hiyo hakuna barua ambayo mwanahistoria wa baadaye ataikuta kwenye kumbukumbu.

Papwa Sewgolum alifariki Julai 1978 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa hajafikisha miaka hamsini, na akiwa fukara. Mwaka ule Mandela alikuwa bado Robben. Baada ya mageuzi, jiji la Durban lilikipa kiwanja chake kimoja cha gofu jina la Papwa. Ni kiwanja cha umma, hakina masharti ya uanachama. Anayelipa kiingilio anacheza.